Mwamba Ukifungwa, Jike la Pweza Hupata Nafasi Yake Moja

Jioni ukipita karibu na kituo chochote kikubwa cha daladala hapa Dar es Salaam, hukosi kuona meza ya pweza: sufuria ya supu juu ya jiko la mkaa, minyiri iliyokatwakatwa kwenye sinia, vijiti vya meno, ukwaju na pilipili. Lakini kuna wiki muuzaji atakwambia pweza kaadimika, na ukimuuliza sababu anajibu, "Huko visiwani wamefunga." Wateja wengi hulipokea jibu hilo kama habari ya marufuku. Sisi tunaofanya utafiti wa uvuvi huulizwa mara kwa mara: wamefunga nini, nani kafunga, na mbona tarehe si zile za mwaka jana?

Kinachofungwa ni kipande cha mwamba wa baharini, tena kwa muda, mara nyingi miezi mitatu. Kijiji kinakaa mkutano, kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe, ile inayoitwa BMU huku bara, inapendekeza eneo, maboya yanawekwa na majirani wanaarifiwa. Wamefanya hivyo Songosongo wilayani Kilwa, wamefanya Mafia, wamefanya Kisiwa Panza kule Pemba. Nje ya maboya uvuvi unaendelea kama kawaida.

Sababu iko kwenye maisha ya pweza mwenyewe. Pweza tunayemla zaidi pwani hii, yule mkubwa wa mwambani anayewinda mchana, haishi sana: mwaka mmoja, au mwaka na nusu hivi. Jike hutaga mara moja tu. Akiwa tayari hutafuta pango, hupunguza mlango kwa mawe, kisha hubandika mayai darini kwa maelfu, yakaning'inia vishada vishada kama punje ndogo za mchele. Kwa takriban mwezi mzima hatoki kuwinda. Anayapepea maji safi, anayapangusa, anamfukuza kila anayesogea, na mwili wake unakwisha polepole. Mayai yakianguliwa, mama anakufa. Vitoto huelea na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka chini na kuanza maisha ya mwambani. Anayemchokoa jike huyo pangoni kabla mayai hayajaanguliwa amechukua na uzao wake wote, kwa kuwa mayai yasiyo na mlinzi huliwa upesi. Ukichungulia pango ukaona vile vishada, tafadhali mwache.

Hapa ndipo watu wengi hunikatiza: je, si ipo sheria ya uzito? Ipo. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na ni kanuni nzuri. Ningependa kuona mizani nyingi zaidi pale soko la samaki la Feri, na wauza supu wakivikataa vipweza ambavyo vikishachemka havijai hata kiganja. Lakini jike wa aina hii kwa kawaida hupevuka akiwa amevuka kilo mbili. Kati ya nusu kilo na kilo mbili ni halali kumvua, na bado hajataga hata yai moja. Kanuni inamlinda mtoto, kisha inamwacha binti njiani kabla hajawa mama. Kufunga mwamba kunaziba pengo hilo, na kunawezekana kwa sababu pweza hukua kwa kasi ya ajabu. Akiwa mdogo, uzito wake unaweza kukaribia kuongezeka maradufu ndani ya mwezi. Miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya umri.

Kuhusu tarehe, lawama nyingi zinatokana na kutojua kwamba siku ya kufungua hupangwa kwa mwezi wa angani. Vijiji huchagua bamvua, maji yanapokupwa mbali, ili wanaochokoa kwa miguu nao wapate. Bamvua haifuati kalenda ya ukutani, kwa hiyo tarehe lazima zisogee. Zaidi ya hapo, kijiji kinaangalia kilichopatikana mara iliyopita. Kama pweza walipimwa wakawa wadogo, muda unaweza kuongezwa au mwamba mwingine ukachaguliwa. Madagaska walianza hivyo hivyo, kijiji cha Andavadoaka kikafunga mwamba mmoja mwaka 2004. Kuanzia mwaka 2005 serikali yao ikaweka kipindi kimoja cha kitaifa, 15 Desemba hadi 31 Januari. Kwetu mipango mingi imebaki ya vijiji, na binafsi naona ina faida yake, maana anayeamua ni yule atakayekosa kitoweo.

Kanuni inayobadilika si ishara ya kubahatisha. Kwenye mto Kenai, Alaska, samaki aina ya salmoni hupanda kutoka baharini, hutaga mara moja na kufa, kama jike la pweza. Wataalamu wa kule huwahesabu kwa sona, kifaa kinachotambua samaki majini kwa mawimbi ya sauti, wakipita mtoni. Hesabu ikiwa ndogo, wavuvi wa burudani hubadilishiwa masharti katikati ya msimu: kwanza chambo kinakatazwa, kisha kila anayenaswa lazima arudishwe majini, na hali ikizidi kuwa mbaya uvuvi wake unafungwa kabisa. Sisi hatuna sona miambani. Tuna mizani, daftari na macho ya wachokoaji.

Kwa hiyo wewe unayetoka mjini Jumamosi na boti na mishipi, usitegemee ulichoambiwa safari iliyopita. Piga simu kwa BMU ya kijiji unakokwenda au kwa afisa uvuvi wa wilaya, uulize mwamba upi umefungwa, umefungwa kwa pweza tu au kwa kila kitu, na maboya yako wapi. Leseni inakuhusu hata kama huuzi. Bunduki ya kuvulia imekatazwa. Na usichanganye miamba hii na Bongoyo au Mbudya: hayo ni maeneo tengefu tangu 1975, na hayana mwezi wa kufunguliwa.

Kuna jambo linaloniuma katika mipango hii. Ukifungwa mwamba wa karibu na ufukwe, mwenye mtumbwi anakwenda kwingine, lakini mama anayekwenda kwa miguu hana kwingine. Miezi mitatu yote inamwangukia yeye. Katika kila mkutano naomba lipigwe hesabu la nani anategemea mwamba upi kabla ya kuchagua, na naomba wanawake wenyewe wawe ndani ya chumba.

Halafu kuna siku ya kufungua. Faida iliyolelewa kwa miezi inaweza kumalizwa kwa siku chache, watu wakimiminika kutoka kila upande, na wachuuzi wakiona mzigo mwingi wakashusha bei palepale ufukweni. Mnunuzi wa Dar anayetaka kuwatendea haki watu hawa akubaliane bei na kijiji mapema, kabla maboya hayajaondolewa. Siku yenyewe afike na mizani iliyokaguliwa na barafu ya kutosha, kwa sababu pweza wataletwa kutoka mwambani karibu wote kwa mkupuo mmoja, maji yakianza kujaa.