Je, wajua kwa nini waziri wa elimu wa Zanzibar hayuko chini ya waziri wa elimu wa Muungano?

Kijana aliyemaliza kidato cha nne Unguja na mwenzake aliyemaliza Mbeya wana cheti cha aina moja, kilichotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Cheti hicho ndicho kilichonipotosha kwa miaka mingi. Niliamini kwamba kama mtihani ni mmoja basi na mwenye elimu ni mmoja, na kwamba waziri wa elimu wa Zanzibar ni kama afisa elimu wa mkoa aliyepewa cheo kikubwa: anapokea maelekezo kutoka Bara, anayafikisha visiwani.

Si kweli hata kidogo, na inafaa kusema wazi si kweli kwa kiasi gani. Waziri wa elimu wa Zanzibar huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Anatakiwa awe mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na huko ndiko anakosimama kujibu maswali, Chukwani, si Dodoma. Waziri wa elimu wa Muungano hawezi kumhamisha mwalimu wa msingi kutoka Chake Chake kwenda Wete, wala kufungua skuli Makunduchi, wala kuifunga. Si kwamba anaziachia kazi hizo kwa hisani. Kisheria hazijawahi kuwa zake.

Nafasi yenyewe ni kongwe kuliko Muungano. Wakati wa ukoloni elimu ya Zanzibar ilikuwa chini ya idara iliyoongozwa na mkurugenzi Mwingereza. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, serikali mpya ilimpa Othman Shariff wizara ya elimu na utamaduni. Muungano ulikuja tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, ukaikuta wizara ina waziri wake. Tarehe 23 Septemba 1964 Rais Karume akatangaza elimu bila malipo kwa Wazanzibari wote. Muungano ulikuwa na umri wa miezi mitano tu, na tangazo hilo halikuhitaji ruhusa ya Dar es Salaam. Ali Hassan Mwinyi aliwahi kuwa katibu mkuu wa wizara hiyo kabla hajawa Rais wa Tanzania, na Seif Sharif Hamad alikuwa waziri wake kuanzia 1977 hadi 1980.

Siri iko kwenye orodha. Hati za Muungano za 1964 zilitaja mambo 11 ambayo nchi mbili zingeyaendesha pamoja: mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia na mengineyo. Elimu haikuwamo. Na kanuni ni kwamba lisilotajwa kwenye orodha linabaki Zanzibar.

Chukua mfano wa ndugu wawili waliojenga kwenye kiwanja kimoja. Wamekubaliana geti liwe moja, kisima kimoja na mlinzi mmoja. Hawakuandika nani atapika nini, kwa hiyo kila mmoja ana jiko lake, na hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini leo kapika wali. Jiko la mdogo halikutoka kwa mkubwa. Alikuja nalo.

Sasa endelea na mfano huohuo, maana hapa ndipo wengi tunapopotea. Ndugu mkubwa hakuajiri msimamizi wa kisima na mwingine wa jiko lake. Aliajiri mtu mmoja afanye kazi zote mbili. Huyo ndiye waziri wa elimu wa Muungano. Akizungumzia shule za msingi, anazungumzia za Tanzania Bara tu. Akigeukia vyuo vikuu, maneno yake yanavuka bahari hadi Unguja na Pemba. Ni mtu yuleyule, kwenye kiti kilekile, pengine katika hotuba moja, na hakuna kengele inayolia anapotoka kazi moja kuingia nyingine. Ndiyo maana mbunge wa Pemba hukaa Dodoma akasikiliza bajeti ya elimu ambayo sehemu yake kubwa haimgusi mtoto yeyote wa jimboni kwake.

Mbona vyuo vikuu vimeingia, ikiwa elimu haikuwamo? Kwa sababu orodha imekua. Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano ina mambo 22. La 14 ni elimu ya juu. La 16 ni Baraza la Taifa la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya 1973 baada ya Tanzania kujitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki.

Hilo la 16 ndilo linalonivutia kuliko yote. Elimu ya sekondari si jambo la Muungano, lakini mtihani wa kuimaliza ni wa Muungano. Mwanafunzi wa Unguja hufanya mtihani wa darasa la sita na wa kidato cha pili chini ya Baraza la Mitihani la Zanzibar. Miaka miwili baadaye, pengine kwenye dawati lilelile, anaandika namba yake kwenye karatasi ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Na mtihani una nguvu ya kuvuta. Waziri wa Zanzibar anao uhuru wa kisheria juu ya kinachofundishwa sekondari, lakini mwalimu wa fizikia anajua swali la kidato cha nne linatoka wapi, hivyo atafundisha mtaala unaolingana na mtihani. Kwa maoni yangu, kifungu hicho kimoja kimepunguza uhuru wa wizara ya Zanzibar kwa vitendo kuliko amri yoyote ambayo ingeweza kutoka Bara.

Hata hivyo tusifike mbali mno upande huo. Elimu ya juu ni ya Muungano, lakini Zanzibar ilianzisha chuo kikuu chake, SUZA, kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya 1999, na ina bodi yake ya mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Ubora wa chuo hicho unasimamiwa na tume ya vyuo vikuu ya Muungano.

Tofauti ya wizara hizi mbili unaweza kuisikia hata masikioni. Bara tunasema shule, nyaraka za Zanzibar zinaandika skuli. Bara kwa miaka mingi tumesema ufundi stadi, wakati ile ya Zanzibar inaitwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Kisha sera ya elimu ya Bara, toleo la 2023, ikaleta mkondo mpya wa sekondari, ukaitwa mkondo wa amali.