Je, wajua? Kwa nini kazi za serikali ya Kanada huwa na herufi tatu za lugha

Ukisoma tangazo la kazi katika serikali kuu ya Kanada, mara nyingi utakuta herufi tatu zimekaa pamoja na masharti ya elimu na uzoefu: BBB, au CBC. Lugha rasmi za huko ni mbili, Kiingereza na Kifaransa, na herufi hizo ndizo kiwango anachotakiwa kuwa nacho atakayeshika nafasi hiyo katika ile ambayo kwake ni ya pili. Herufi ya kwanza ni ya kusoma, ya pili kuandika, ya tatu kuzungumza. A ni ngazi ya chini, B ya kati, C ya juu. Kwa hiyo penye CBC, mtu anatakiwa asome na aongee kwa ufasaha, ila kuandika kwa kiwango cha kati kunatosha.

Chimbuko lake ni manung'uniko ya muda mrefu. Wakanada wanaosema Kifaransa walikuwa wakilipa kodi kama wenzao, lakini wakifika kwenye ofisi za serikali kuu wanajibiwa kwa Kiingereza. Mwaka 1963 iliundwa tume ya kuchunguza jambo hilo, na mwaka 1969 Bunge likapitisha Sheria ya Lugha Rasmi. Lakini haki ya kuhudumiwa kwa lugha yako ni maneno matupu kama anayepokea simu haielewi lugha hiyo. Ndipo mtihani ulipohitajika, na leo unasimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya nchi hiyo.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni hili: herufi zile ni za kiti, si za mtu. Hupangwa kabla mwombaji hajajulikana, kwa kuangalia kazi yenyewe inataka nini. Zipo nafasi nyingi zinazohitaji lugha moja tu. Kwa wasimamizi masharti ni makali zaidi, kwa sababu sheria ya mwaka 1988 iliwapa watumishi wa maeneo kama Ottawa, Montreal na New Brunswick haki ya kufanya kazi kwa lugha yao. Tangu Juni 2025, anayeteuliwa kusimamia watu katika nafasi ya lugha mbili kwenye maeneo hayo sharti awe na CBC, wakati zamani BBB ilikubalika. Naliona ni jambo la haki kabisa. Mtumishi mwenye malalamiko asilazimike kuyatafsiri kwanza ndipo bosi wake amsikie.

Kusoma na kuandika hupimwa kwa maswali ya kuchagua jibu. Kuzungumza ndiko kunakowatoa watu jasho, maana unakaa na mtahini mnaongea kuhusu kazi yako, na maswali yanapanda ngazi. Tuseme kwa Kiswahili ili ionekane vizuri. Wa A atasema: "Nafanya kazi kaunta. Naanza saa mbili." Wa B anaweza kusimulia tukio: "Jana alikuja mzee bila cheti, tukampigia mwanawe, akakileta." Wa C anaulizwa lisilotokea: ungekuwa wewe mkuu wa ofisi, ungefanyaje? Naye anajibu: "Tungemwarifu mapema, asingesumbuka kuja mara mbili," kisha anatetea hoja yake anapopingwa. Kwenye "nge" hizo ndipo wengi hukwama, maana msamiati wa ofisini wanao, ila kushawishi mtu kwa lugha ya kujifunza ni kazi nyingine.

Kwa wenzetu waliohamia huko, lugha ya mama haihesabiwi. Aliyekulia Bukavu akasoma kwa Kifaransa kwa kawaida atataja Kifaransa kuwa lugha yake rasmi ya kwanza, hivyo atapimwa Kiingereza. Aliyesomea Nairobi atapimwa Kifaransa.

Anayefikia viwango vya nafasi yake ya lugha mbili anaweza kulipwa posho ya dola 800 kwa mwaka, kiasi ambacho hakijaongezwa tangu 1977. Kidogo mno, kwa maoni yangu, kwa ujuzi unaodai miaka ya kujifunza. Matokeo hutumika kwa miaka 5 anapoomba nafasi nyingine, ila akibaki kwenye kiti kilekile hahitaji kurudia. Na anayevuka kiwango cha C kwa mbali hupewa E, yaani amesamehewa: katika stadi hiyo hapimwi tena.