Mafua, korona na damu kuganda: maswali mnayouliza sana

Virusi vya mafua si vinakaa kifuani tu, damu inahusikaje?

Mapafu yamejaa mishipa ya damu jamani. Vile vifuko vidogo vya hewa vimezungukwa na vimishipa vyembamba mno ili oksijeni ipite, kwa hiyo kifua kikiumia na mishipa inaumia. Mwezi wa 4 mwaka 2020 madaktari wa Zurich, Uswisi, walieleza wagonjwa wa korona waliokutwa utando wa ndani wa mishipa umevimba, na siyo mapafuni peke yake, mpaka kwenye moyo na utumbo.

Sasa inagandaje?

Ule utando ukiwa mzima unateleza na unatoa kemikali za kuzuia damu isishikane. Ukijeruhiwa, chembe sahani, yaani zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zinanasa pale zinaanza kushikana, ini nalo kwa sababu ya ugonjwa linaongeza protini za kugandisha, na mgonjwa mwenyewe kalala siku nzima hanyanyuki, miguu haitembei, damu inapita taratibu, basi bonge la damu linajijenga. Likiziba mshipa wa moyo ni shambulio la moyo, wa ubongo ni kiharusi, na la mguuni likichomoka linapanda hadi kwenye mapafu.

Ni korona tu?

Hapana. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2018 ulionyesha ndani ya siku 7 baada ya mtu kupimwa na kukutwa na influenza, yaani yale mafua makali, uwezekano wa shambulio la moyo ulipanda karibu mara 6. Wazee, wenye presha na wenye kisukari, chanjo ya influenza ichukulieni kwa uzito.

Homa ikiisha si nimepona?

Hapa ndo tunapojisahau, na hapa ndo naomba mnisikilize. Sweden mwaka 2022 walikuta baada ya korona hatari ya bonge la mguuni inabaki juu hadi miezi 3, la mapafuni hadi miezi 6. Mguu mmoja ukivimba, kigimbi kinauma na kina joto, watu wanasema msuli umekaza wanaanza kuchua na dawa ya moto. Usichue kabisa, nenda hospitali, mwambie daktari ulikuwa na mafua au korona wiki kadhaa nyuma maana asipojua anaweza asiwaze bonge. Ukikata pumzi ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, au unakohoa damu, usisubiri kukuche.

Nimeze aspirini kujikinga?

Usijianzishie. Dawa za kuzuia damu kuganda kama heparini daktari anazitoa kwa kipimo, zikizidi unavuja damu. Na homa unayodhani ni ya mafua inaweza kuwa dengue, Dar tuliiona 2014 na tena 2019, ukimeza aspirini kwenye dengue unaongeza hatari ya kutoka damu. Mtoto mwenye homa ya virusi ndo kabisa usimpe, inaweza kumharibu ini na ubongo, mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake.