Dada wa kazi kwenda Marekani: kwanza nionyeshe karatasi zako

Wanaonipigia simu huanza na sifa za dada. Amekaa nao miaka minne, mtoto hali bila yeye, hana mkono mwepesi, pasipoti anayo. Nami huwakatiza: wewe mwenyewe unaingia Marekani kwa karatasi gani? Viza ya msaidizi wa nyumbani huning'inia kwenye ya mwajiri. Ya mwajiri isipofaa, uaminifu wa dada hausaidii kitu.

Wenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, ndio ninaowavunja moyo zaidi. Kwao njia ya B-1, viza ya muda ambayo msaidizi hupewa kumfuata mwajiri wake, imefungwa, hata kama dada wameishi naye miaka kumi. Mteja mmoja aliposikia hivyo aliniuliza, "Na tukisema ni mdogo wake mama watoto, anakuja kutembea?" Nikamwambia uongo huo ukigundulika, dada anaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yake yote, labda apewe msamaha maalumu, na kuupata si rahisi. Yeye ndiye atakayeumia, na wazo wala halikuwa lake.

B-1 inawafaa walio Marekani kwa muda: mwanafunzi wa viza ya F, mtaalamu wa H-1B, aliyehamishwa na kampuni kwa L, na wenzao. Dada awe ana uzoefu wa kazi hiyo usiopungua mwaka mmoja. Tena awe amekufanyia kazi wewe mwaka mzima kabla hujaingia Marekani. Au kama hajaufikisha, awe alishaanza kwako kabla hujaondoka, nawe uthibitishe kwamba kwa miaka kadhaa umekuwa ukiajiri wasaidizi.

Hapo kwenye kuthibitisha ndipo familia zetu hukwama. Dada kaletwa na shangazi kutoka kijijini, mshahara analipwa mkononi mwisho wa mwezi, nusu inatumwa kwa mama yake, mkataba hakuna. Afisa wa viza atajuaje? Kwa hiyo nawaambia wachimbe. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo kila mwezi ina nguvu kuliko barua kumi za majirani. Michango ya NSSF ni bora zaidi, ingawa wanaomchangia dada ni wachache mno (na sheria inawataka). Kama safari yako ni ya mwakani, anza leo kumlipa kwa simu na mwandikiane mkataba. Ila usiuandike leo ukauwekea tarehe ya zamani. Dada huulizwa maswali mwenyewe pale dirishani, na hadithi mbili zisipolingana basi.

Mkataba wa kule ni mwingine. Mshahara hauwi chini ya kima cha chini cha huko au kiwango cha kawaida cha kazi hiyo, kilicho kikubwa kati ya viwili. Jiji la New York, tangu Januari 2025, kima kilikuwa dola 16.50 kwa saa. Piga hesabu ya saa nane kwa siku tano: dola 660 kwa wiki. Juu yake kuna chumba, chakula na nauli ya kwenda na kurudi. Wengi wakifika hapa huanza kuulizia bei za chekechea.

Kwa wanadiplomasia viza ya dada ni A-3, na kwa watumishi wa mashirika kama Umoja wa Mataifa ni G-5. Huku ukali uliongezwa na sheria ya 2008 dhidi ya biashara haramu ya binadamu: lazima mkataba, na dada aelezwe haki zake. Pasipoti anaishika mwenyewe. Mwaka huohuo mahakama ya Washington iliamuru mwanadiplomasia wa Tanzania na mkewe wamlipe msichana waliyemtoa nyumbani zaidi ya dola milioni moja. Ukimwona afisa anamkazia macho dada wa Kiswahili, kumbuka hilo.

Jambo la mwisho, na husahaulika: dada wa B-1 akishatua haanzi kazi kesho yake. Anaomba kwanza kibali cha kazi kwa fomu I-765, na mpaka kadi itoke, vyombo mnaosha wenyewe.