Soda haisababishi ADHD

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya wazazi: "Mtoto hatulii? Mnyime soda na pipi, ADHD itaisha." Si kweli.

ADHD, hali ya kushindwa kutulia na kumakinika, inatokana na ukuaji wa ubongo, na mara nyingi hurithiwa. Mwaka 1994 watafiti Marekani waliwaambia baadhi ya akina mama kwamba watoto wao wamekunywa sukari nyingi, kumbe kinywaji hakikuwa na sukari. Hao ndio walioona watoto wao wamechachamaa. Nasi soda tunawapa wapi? Kwenye bethidei Mbagala, spika inadunda, watoto ishirini uani. Nani angetulia?

Cha kuangalia ni hiki: dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia? Muulize mwalimu wake, kisha mpeleke kwa daktari. Kuna dawa na mafunzo ya tabia vinavyosaidia, hata kwa watu wazima.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Soda mpunguzie tu, meno yake yatashukuru.