"Mimi Niliomba Kwanza": Dhana Potofu Kuhusu Ratiba za Antena

Wenye setilaiti wana sentensi moja iliyonichosha: "Mimi niliomba kwanza, nipangwe kwanza." Wanadhani ratiba ya kituo cha ardhini, penye antena za kuwasiliana na setilaiti zao, ni foleni ya unga wa ruzuku. Sivyo.

Chukua antena moja. Setilaiti ya juu, isiyosogea angani, inaonekana kutwa nzima na inahitaji saa moja. Mwenyewe aliomba wiki iliyopita akaandika "saa 3:30 asubuhi". Jana limeingia ombi la setilaiti ya chini, inayochomoza saa 4:00 na kuzama saa 4:12. Ukimtanguliza wa kwanza, antena imeshikwa hadi saa 4:30 na mwenzake amekosa. Msogeze huyo wa juu aanze saa 4:20, dakika 8 za katikati zitumike kugeuza antena, wote wamepata. Nani kapunjwa?

Algoriti, yaani hatua ambazo kompyuta hufuata kupanga ratiba, inachotafuta ni huo mfuatano: nani awekwe kwanza, nani afuate. Programu inampa kila mmoja nafasi iliyobaki, inahesabu waliokosa, kisha inavuruga mfuatano na kujaribu tena. Kwenye mtandao wa antena wa Jeshi la Anga la Marekani, maombi ya mwaka 1992 yaliweza kupangwa vizuri kwa kanuni nyepesi ya kutanguliza setilaiti za chini. Maombi yalipoongezeka, kanuni hiyo ikashindwa, na algoriti ya kijenetiki (inayochanganya mifuatano mizuri ili kuzaa mipya) iitwayo Genitor ikafanya vizuri kuliko zile zinazobadilisha jambo moja moja. Sababu ni kwamba mabadiliko mengi madogo hayaongezi wala hayapunguzi waliokosa. Algoriti inazungukazunguka bila kujua iende wapi. Inabidi iruke mbali.

Kwa hiyo nawasihi, na nitaendelea kuwasumbua: msiandike saa moja tu. Andikeni mapema kabisa mnayoweza kuanza, mwisho wa kumaliza, na dakika chache kabisa mnazoweza kuvumilia. Anayeandika "3:30 kamili" kwa setilaiti inayoonekana kutwa anajifunga kamba mwenyewe, halafu anakuja kulalamika.

Wengine hunijibu: "Kompyuta za siku hizi zina nguvu, zijaribu mipangilio yote." Maombi 20 tu yana mifuatano zaidi ya bilioni 2 mara bilioni moja. Ukijaribu bilioni moja kila sekunde, utamaliza baada ya miaka 77 hivi. Na siku moja ya mtandao mkubwa ina maombi mamia.

"Ongezeni antena, yaishe." Wapi? Setilaiti inayozunguka kupitia ncha za dunia huonekana Svalbard, visiwa vilivyo karibu na ncha ya kaskazini, karibu kila mzunguko, lakini Malindi, jirani na ikweta, huipata mara chache kwa siku. Setilaiti AGILE ya Italia ilikuwa kinyume chake: obiti yake, yaani njia yake ya kuzunguka dunia, ililala karibu na ikweta, ikapita juu ya Malindi kila mzunguko. Antena mahali pasipofaa ni chuma kinachokula chumvi ya bahari.

"Ratiba ya algoriti ndiyo bora kabisa." Ni bora kati ya zilizopatikana kwa muda uliokuwapo, basi. Ukiiendesha upya unaweza kupata ratiba nyingine yenye idadi ileile ya walionyimwa, ila majina tofauti. Hapo huamua mtu, tena kwa kupigiana simu na wenye setilaiti.