Makubaliano ya kusaidiana kati ya vikosi vya zimamoto ni nini?

Katika nchi kama Marekani, kaunti moja inaweza kuwa na vikosi kumi, ishirini au zaidi vya zimamoto na uokoaji, kila kimoja na mkuu wake, bajeti yake na mipaka yake. Kikosi cha mji mdogo huwa na magari mawili matatu, nayo yanatosha kwa moto wa jikoni au ajali ya barabarani. Ghala likishika moto, hayatoshi. Makubaliano ya kusaidiana ni mkataba ambao vikosi jirani huwekeana mapema: kimoja kikielemewa, vingine vitakuja na watu na vifaa vyao, bila yeyote kupoteza mamlaka yake nyumbani.

Msaada huo huja kwa njia mbili, na kinachozitofautisha ni dakika. Njia ya kwanza ni ya kuomba: mkuu anafika, anaona moto umemzidi, anaita kwa redio, ndipo jirani anatoka kituoni. Ya pili haingoji mtu aombe. Simu ya dharura ikiingia tu, kituo cha mawasiliano kinaita vikosi viwili au vitatu kwa pamoja, na gari lililo karibu zaidi linatangulia hata kama ni la mji wa pili. Naamini hii ya pili ndiyo inayopaswa kuwa kawaida, hasa mchana wa siku za kazi. Nchini Marekani, kwa mfano, wengi wa wazimamoto ni wa kujitolea. Saa tano asubuhi wako makazini, na kikosi chenye majina mengi kwenye orodha kinaweza kutoa watu wanne tu.

Huko huko Marekani, mwaka 1968, vikosi vya kaskazini mwa jimbo la Illinois vilianzisha mfumo unaoitwa MABAS, ambao kiini chake ni kadi. Kila eneo lina kadi yake, iliyojazwa watu wakiwa wametulia mezani: tukio la ngazi ya kwanza linaita magari haya, la pili linaongeza haya, na kikosi fulani kinahamia kwenye kituo kilichobaki kitupu. Hicho kipengele cha mwisho ni muhimu sana, kwa sababu moto mkubwa upande mmoja wa kaunti hauzuii mzee kuanguka ngazi upande mwingine.

Mahali pasipo na mabomba ya maji ndipo utaona kwa macho kusaidiana kunavyofanya kazi. Gari la zimamoto lenye tangi la lita 1,900 linalisha mpira mmoja mkubwa kwa dakika mbili hivi tu. Kwa hiyo hutandazwa bwawa la turubai lenye fremu ya chuma kando ya barabara. Maboza ya vikosi mbalimbali yanapanga foleni, yanamwaga maji humo, yanageuza na kurudi mtoni kujaza, huku pampu ikinyonya kutoka bwawani bila kukoma. Boza moja likichelewa, mpira unalegea mkononi mwa mtu aliye ndani ya nyumba. Hakuna kikosi kidogo kinachoweza kuzungusha maji hivyo peke yake.

Lakini nia njema haiungi mpira. Februari 1904, moto ulipoteketeza katikati ya mji wa Baltimore, Marekani, vikosi vilikimbilia huko kutoka Washington, Philadelphia na New York. Wengi wao walikuta nati za mipira yao haziingiani na mabomba ya mji ule. Moto uliwaka kwa takriban saa 30 na majengo zaidi ya 1,500 yaliungua. Unaweza kudhani somo hilo lilikwisha kueleweka, kumbe Oktoba 1991, katika moto wa vilima vya Oakland, California, uliowaua watu 25, mabomba ya mji yalikuwa na mdomo wa inchi 3 na mipira ya wageni ilikuwa ya inchi 2.5.

Redio nazo ni vivyo hivyo. Vikosi vikiwa kwenye masafa tofauti, au kila kimoja kikitumia namba zake za siri, mtu anaweza kutoa tahadhari ya paa kuporomoka na jirani asielewe. Ndiyo maana makubaliano mazuri hutaja masafa ya pamoja na kuagiza watu waseme kwa lugha ya kawaida. Hutaja pia kamanda mmoja, kwa kawaida wa kikosi chenye eneo, na utaratibu wa kuhesabu watu: kila anayeingia anaacha kibao chenye jina lake mlangoni, ili jengo likianza kuanguka ijulikane nani bado yumo.

Gharama kwa kawaida kila kikosi hubeba zake, pamoja na bima ya watu wake, na kila kimoja kina haki ya kukataa iwapo kutoka kutaacha eneo lake wazi. Hapa ndipo manung'uniko huzaliwa. Mji unaopunguza wazimamoto kwa kuwategemea majirani kila wiki unawahamishia wengine mzigo wake, na walipakodi wa upande wa pili wana haki ya kuuliza. Vikosi makini huhesabu mwisho wa mwaka nani alitoka mara ngapi kwenda kwa nani, kisha wakuu wanakaa na hesabu hiyo mbele yao kabla ya kutia saini tena.